Nani Anawaandika Mawakili? Somo Kutoka Mahakama za Uingereza

Kila mwanafunzi wa sheria hufundishwa mwaka wa kwanza kwamba mahakama ni ya wazi. Unaandika kwenye daftari, unakariri, swali linakuja kwenye mtihani, unapata maksi zako, maisha yanaendelea. Lakini hebu tuulize swali la kawaida kabisa: kama mlango uko wazi na ndani hakuna aliyeketi na kalamu, uwazi huo unamsaidia nani? Jaji ameshahukumu, mawakili wamebeba mafaili yao wameondoka, mshtakiwa amepanda karandinga. Sisi tuliobaki nje tutajuaje kama kilichopita mle ndani kilikuwa haki au kiini macho?

Leo tunakwenda Uingereza kutafuta jibu, kwa sababu mbili. Kwanza, sheria zetu zina ukoo na za kwao. Sheria ya Waingereza iliingia Tanganyika kwa tarehe maalumu, 22 Julai 1920, na Kenya kwa tarehe 12 Agosti 1897. Mpaka leo hukumu za London hutajwa katika mahakama zetu, hata kama haziwalazimishi majaji wetu. Pili, kule uandishi kuhusu mawakili umekua ukawa fani kamili. Kuna magazeti yake, kuna waandishi waliobobea, na katika miaka 20 hivi iliyopita wameongezeka wanablogu, wengi wao wakiwa mawakili wenyewe.

Somo hili si la watu wa sheria peke yao. Wenzetu wa uandishi wa habari linawahusu moja kwa moja, na wa kompyuta nao wasifunge ukurasa, maana mfano mkubwa kuliko yote humu ni wa programu ya hesabu. Hoja tunayoifuata ni moja: kinachoipa kazi hii thamani si ukali wa maoni. Ni kukaa mahakamani, kusoma nyaraka, na kuziweka mezani ili kila mtu azione.

Mawakili wenyewe ni akina nani?

Kwetu wakili ni wakili. Asubuhi anaandaa mkataba ofisini, saa nne yuko mbele ya jaji. Uingereza kazi hiyo imegawanywa sehemu mbili. Kuna solisita, ambaye humpokea mteja, huandaa hati, hufanya mazungumzo na hushughulika na kampuni. Halafu kuna barista, na hapa simaanishi yule wa mkahawani anayekutengenezea kahawa. Huyu ni wakili anayesimama mahakamani kubishana, mara nyingi kwa joho na wigi. Ili awe barista lazima ajiunge na kimojawapo cha vyama vinne vya kale vya London: Lincoln's Inn, Gray's Inn, Inner Temple au Middle Temple. Solisita na barista wana mamlaka tofauti za kuwasimamia, na mfumo wote umejengwa juu ya sheria ya mwaka 2007.

Tuelewane pia kwamba ninaposema Uingereza katika makala hii nazungumzia England na Wales. Scotland ina mfumo wake wa sheria na mawakili wake, na Ireland ya Kaskazini vilevile.

Fani hii ni ndogo na watu wake wanajuana. Barista wa leo ndiye jaji wa kesho, na wakili unayempinga wiki hii unaweza kukaa naye meza moja ya chakula wiki ijayo. Ndani kuna lugha yake, desturi zake na aibu zake. Mtu wa nje haoni kitu, na wa ndani ana sababu nyingi za kunyamaza. Ndiyo maana swali la nani anawaandika lina uzito.

Magazeti ya fani na nani anayalipia

Waandishi wa kwanza walikuwa wa fani yenyewe. Gazeti la chama cha masolisita, Law Society Gazette, lipo tangu 1903. The Lawyer, linalofuatilia biashara ya kampuni za mawakili, lilianza 1987. Kwa wananchi wa kawaida kulikuwa na redio: mwaka 1984 Joshua Rozenberg, aliyesomea usolisita kabla ya kuingia utangazaji, alianzisha BBC kipindi kiitwacho Law in Action, na kipindi hicho kilidumu miaka 40, mpaka 2024. Kazi yake ilikuwa rahisi kuitaja na ngumu kuifanya: kueleza hukumu kwa maneno ambayo dereva wa basi anayaelewa, bila kuipotosha.

Kisha ukaja mtandao. RollOnFriday ilianza mwaka 2000, ikileta habari za kampuni kubwa za mawakili kwa lugha ya utani na umbeya. Legal Cheek ikafuata 2011, na hii inasomwa sana na wanafunzi: kampuni ipi inalipa kiasi gani, wafanyakazi wake wanatoka kazini saa ngapi, nani anaajiri. Kwa mwanafunzi asiye na mjomba wakili, habari za namna hii ni dhahabu. Zamani ungezipata tu kama baba yako anakula chakula cha mchana na watu wa huko.

Lakini soma ukijua uchumi wake. Magazeti mengi ya aina hii huishi kwa matangazo, na watangazaji wakubwa ni kampuni zilezile zinazoandikwa. Hilo halimaanishi kwamba habari ni za uongo. Linamaanisha kwamba zipo habari zinazolipa, kama za mishahara na ajira, na zipo habari zisizolipa, kama kesi ya mpangaji aliyefukuzwa kwenye nyumba yenye ukungu. Nani ataandika zile zisizolipa?

Hapo ndipo mawakili wenyewe walipoingia. Blogu ya Nearly Legal ilianza 2006 ikiandika sheria ya nyumba na wapangaji, hukumu baada ya hukumu. Mwanzilishi wake baadaye alishiriki kuandaa rasimu ya sheria ya mwaka 2018 inayomtaka mwenye nyumba ahakikishe nyumba inakalika na binadamu. Mwaka 2010 ukaja UK Human Rights Blog, unaoendeshwa na mabarista wa ofisi moja ya London, ukieleza kesi za haki za binadamu kwa watu ambao magazeti mengine yalikuwa yakiwatisha kwa vichwa vya habari. Hakuna aliyewalipa kwa makala moja moja. Walipata jina, walipata wateja pengine, lakini hasa waliandika kwa sababu walichoka kuona sheria ikielezwa vibaya.

Sheria ilivyofungua mlango, hatua kwa hatua

Msingi uliwekwa 1913 katika kesi ya Scott dhidi ya Scott. Mke aliomba ndoa ibatilishwe, shauri likasikilizwa faragha. Baadaye akawapelekea ndugu wachache nakala za mwenendo wa shauri ili wajue kilichotokea, na kwa ajili hiyo yeye na solisita wake wakatiwa hatiani kwa kudharau mahakama. Mahakama ya juu kabisa wakati huo, Baraza la Mabwana, ikafuta uamuzi huo na kusema kwamba uwazi ndiyo kanuni na usiri ni jambo la nadra lenye kuhitaji sababu nzito. Mwaka 1924 kesi ya mwendesha pikipiki, McCarthy, ikaongeza sentensi ambayo kila mwanasheria anaijua: haki isitendeke tu, ionekane ikitendeka.

Ila Waingereza walifungua mlango huku wameshika kitasa. Sheria ya 1925 inakataza kupiga picha mahakamani, na hata kuchora. Ndiyo maana wale wachoraji wa kesi maarufu hutazama, hutoka nje, halafu huchora kwa kumbukumbu. Sheria ya kudharau mahakama ya 1981 inakataza kurekodi sauti bila ruhusa, na inampa jaji uwezo wa kuahirisha utangazaji wa habari zinazoweza kuharibu kesi. Sababu yake ipo: kesi kubwa za jinai huamuliwa na wananchi 12 waliochaguliwa kwa bahati nasibu, na wakisoma mtandaoni kwamba mshtakiwa ana makosa ya zamani, hawawezi kuyasahau.

Sasa angalia neno moja dogo. Tarehe 14 Desemba 2011 Jaji Mkuu wa England na Wales alitoa mwongozo kuhusu kutuma habari kwa simu moja kwa moja kutoka mahakamani. Mwananchi wa kawaida lazima aombe ruhusa. Mwandishi wa habari haombi. Na pembeni ya mwandishi wa habari mwongozo ukamtaja mtu mwingine asiyeomba: mchambuzi wa sheria. Kwa mara ya kwanza mwanablogu wa sheria alikaa benchi moja na mwandishi wa gazeti kubwa.

Hatua iliyofuata ilikuwa ngumu zaidi, nayo ni mahakama za familia. Huko ndiko watoto hutengwa na wazazi wao, na kwa miaka mingi milango ilifungwa kwa kuwalinda watoto hao. Waandishi wa habari waliruhusiwa kuingia Aprili 2009, lakini kuingia si kuandika: karibu kila walichosikia kilikuwa hakitangaziki. Tarehe 1 Oktoba 2018 mawakili wenye sifa wakaruhusiwa kuingia kama wanablogu wa sheria, baada ya kazi ndefu ya taasisi ya hisani iitwayo The Transparency Project. Januari 2023 majaribio ya kuruhusu kuandika yakaanza Leeds, Cardiff na Carlisle, kwa sharti la kuficha majina ya familia, na Januari 2025 utaratibu huo ukaenea.

Ukihesabu kutoka 1913, ni zaidi ya miaka 100. Kanuni ilikuwepo muda wote huo. Kilichobadilika ni orodha ya watu ambao kanuni inawatambua kuwa wana haki ya kukaa na kuandika.

Kuandika kwa jina au bila jina?

Swali hili linawagusa wengi wetu, kwa sababu hapa kampasi nako kuna kurasa zisizo na mwenyewe. Uingereza ilitoa jibu lenye pande mbili.

Upande wa kwanza ni NightJack. Huyu alikuwa askari mpelelezi wa Lancashire aliyeandika bila jina kuhusu kazi ya polisi, na mwaka 2009 blogu yake ilishinda Tuzo ya Orwell. Gazeti la The Times likagundua yeye ni nani. Akakimbilia Mahakama Kuu kuomba zuio asitajwe. Juni 2009 Jaji Eady alikataa: kublogu, alisema kwa muhtasari, ni jambo la hadharani, na anayelifanya hana haki ya kutegemea kwamba sheria italinda siri ya jina lake. Mtu wetu akatajwa, akaadhibiwa kazini, blogu ikafa. Miaka mitatu baadaye ikafichuka kwamba mwandishi wa gazeti alikuwa ameingia kwenye barua pepe yake bila ruhusa, na mahakama haikuambiwa. Gazeti likamlipa fidia. Aliyeifuatilia sana habari hiyo alikuwa David Allen Green, solisita na mwanablogu, kwa kusoma hati za kesi mstari kwa mstari.

Majaji wenyewe walifungwa mdomo kwa njia yao. Agosti 2012 walipewa mwongozo: jaji anaweza kublogu, lakini asijitambulishe kuwa ni jaji.

Upande wa pili ni The Secret Barrister. Ni barista wa kesi za jinai, alianza kuandika bila jina mwaka 2015, na kitabu chake cha 2018 kilikaa muda mrefu kwenye orodha ya vitabu vinavyouzwa sana. Alichoeleza hakikuwa siri ya mteja yeyote. Alieleza mambo ya kila siku: kesi inaahirishwa kwa sababu hakuna chumba, ushahidi unafika saa moja kabla ya shauri, mshtakiwa anasubiri miaka. Watu wengi walidhani kila anayevaa wigi ni tajiri. Kumbe mabarista wachanga wa jinai, kwa hesabu za chama chao, walikuwa wakipata kati ya pauni 12,200 hivi kwa mwaka katika miaka mitatu ya mwanzo, ukishaondoa gharama. Walipogoma bila kikomo Septemba 2022, sehemu ya umma ilikuwa tayari inaelewa wanacholilia, na Oktoba wakakubali nyongeza ya asilimia 15.

Tofauti iko wapi? Wote wawili waliandika bila jina. Lakini unapoficha jina unamwomba msomaji akuamini bila kukuona, kwa hiyo deni lako la kuonyesha ushahidi ni kubwa zaidi. The Secret Barrister analipa deni hilo kwa kumpeleka msomaji kwenye kifungu cha sheria na hukumu iliyochapishwa. Hajui jina lake, lakini anaweza kuhakiki hoja yake. Kurasa zetu za kampasi zingepimwa kwa kipimo hicho, zingebaki ngapi?

Kesi ya Posta: pale uandishi ulipokuwa jambo la kufa na kupona

Tufike sasa kwenye mfano mkubwa. Posta ya Uingereza ina matawi madogo yanayoendeshwa na watu binafsi, wengi wakiwa na duka na dirisha la posta kwenye kona. Mfikirie kama wakala wa pesa za simu mtaani kwako. Kuanzia 1999 Posta iliwafungia mfumo wa hesabu wa kompyuta uitwao Horizon, wa kampuni iliyokuja kuwa sehemu ya Fujitsu. Mfumo ukaanza kuonyesha upungufu wa fedha ambao haukuwepo. Mkataba ulimtaka wakala afidie. Walifidia kwa akiba zao, wakakopa, wakauza nyumba. Wengi wameeleza kwamba kila walipopiga simu kuomba msaada waliambiwa hakuna mwingine mwenye tatizo hilo.

Kisha wakashtakiwa kwa wizi na kughushi hesabu. Hapa ndipo mawakili wanaingia. Posta haikuhitaji kupeleka faili kwa mwendesha mashtaka wa serikali. Ilishtaki yenyewe, kwa mawakili wake. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya 1999 na 2015 kwa kutegemea takwimu za Horizon, wengi wao, takriban 700, wakishtakiwa na Posta. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika, wapo waliojiua.

Watu wa kompyuta, sikilizeni. Zamani sheria ya England ilimtaka anayeleta ushahidi wa kompyuta athibitishe kwamba kompyuta ilikuwa ikifanya kazi sawasawa. Sharti hilo lilifutwa kwa sheria ya 1999, ikabaki dhana kwamba mashine iko sawa mpaka anayepinga aonyeshe vinginevyo. Sasa mwenye duka kijijini ataonyeshaje kasoro ndani ya mfumo ambao haruhusiwi kuuona?

Nani aliandika kwanza? Si gazeti kubwa. Ni Computer Weekly, jarida la watu wa kompyuta, Mei 2009, likieleza visa vya mawakala saba. Nchi ikasoma, ikageuka upande wa pili, ikalala. Mwaka uliofuata Nick Wallis, mtangazaji wa redio ya BBC huko Surrey, akaipata habari na hakuiachia. Mawakala 555 wakiongozwa na Alan Bates walipofungua kesi ya pamoja Mahakama Kuu, Wallis alichangisha fedha kwa watu wa kawaida ili aweze kuacha kazi nyingine na kwenda kuketi mahakamani. Tangu Novemba 2018 akawa anaandika siku kwa siku: shahidi kasema nini, maswali ya dodoso yalikwendaje, nyaraka gani imewekwa mezani. Kazi ya kuchosha, haina utamu wowote wa kusambazwa kwa simu. Ila kila neno lilibaki.

Desemba 2019 Posta ikakubali kulipa pauni milioni 57.75, nyingi zikamezwa na gharama za kesi, na siku chache baadaye Jaji Fraser akatoa hukumu kwamba Horizon ya miaka ya mwanzo haikuwa ya kuaminika. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ikafuta hatia za watu 39 kwa siku moja. Mwaka 2020 ulikuwa umefichua jambo jingine: tangu Julai 2013 barista mmoja aliyefanyia kazi Posta alikuwa ameandika ushauri kwamba shahidi wao mtaalamu hakuiambia mahakama kasoro alizozijua. Ushauri huo ulikaa kwenye makabati miaka saba huku watu wakiendelea kuitwa wezi.

Kwa hiyo swali likahama kutoka kwenye mashine likaenda kwa mawakili. Profesa Richard Moorhead wa Chuo Kikuu cha Exeter, anayefundisha maadili ya uwakili, amekuwa akizichambua nyaraka hizo kwenye blogu yake, Lawyer Watch: nani alijua, alijua lini, na wajibu wake kwa mahakama ulikuwa upi. Tume ya uchunguzi chini ya Sir Wyn Williams ikawaita mawakili waketi kwenye kiti cha shahidi, video zikionekana na kila mtu. Januari 2024 tamthilia ya televisheni ikaliamsha taifa zima, na Mei mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kufuta hatia hizo kwa mkupuo.

Kutoka Mei 2009 mpaka Mei 2024 ni miaka 15. Mtu anaweza kusema uandishi haukusaidia, ni tamthilia iliyosaidia. Mimi nasema hapana. Taifa lilipoamka na kuuliza ilikuwaje, majibu yalikuwa yameshaandikwa, yana tarehe na nyaraka, na hakuna aliyeweza kusema hakumbuki bila kuonekana. Bila wale waliokaa kwenye viti vya nyuma vya mahakama, kungekuwa na hasira tu bila ushahidi.

Hatari ya kashfa

Nisije nikaonekana nawatuma vitani bila ngao. Uandishi huu una hatari, na jina lake ni kashfa. Aprili 2008 mwandishi wa sayansi Simon Singh aliandika kwenye The Guardian kwamba chama cha watibu wa uti wa mgongo kinatangaza tiba za watoto zisizo na ushahidi. Chama kikamshtaki yeye binafsi, si gazeti. Mei 2009 Jaji Eady, yuleyule wa NightJack, akaamua kwamba maneno yake ni madai ya ukweli, si maoni, maana yake Singh athibitishe kuwa chama kilidanganya kwa makusudi. Karibu mlango ufungwe. David Allen Green akaieleza kesi hatua kwa hatua kwenye blogu yake, Jack of Kent, na wasomaji wasio na shahada ya sheria wakaelewa kilichokuwa hatarini. Aprili 2010 Mahakama ya Rufani ikasema yale yalikuwa maoni, na chama kikaondoa kesi. Kelele zile zilichangia kuleta Sheria ya Kashfa ya 2013, inayomtaka mlalamikaji aonyeshe madhara makubwa na kumpa mwandishi utetezi wa maslahi ya umma.

Singh alishinda, lakini miaka miwili ya maisha yake ilikwenda. Kwa hiyo tenganisha siku zote unachokijua na unachokiona wewe, na andika kila kimoja kwa sura yake.

Tunasomaje, na tunaandikaje?

Kutokana na mifano hii tunaweza kutoa kanuni chache za kufanyia kazi.

Kwanza, makala ni ngazi, hukumu ndiyo dari. Ukisoma habari ya kesi, tafuta hukumu yenyewe. Za Uingereza zinapatikana bure kupitia BAILII na, tangu Aprili 2022, Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Zetu ziko TanzLII na Kenya Law. Hili si pambo. Juni 2025 Mahakama Kuu ya London ilitoa onyo kali baada ya mawakili kuwasilisha kesi ambazo hazikuwahi kuwepo, jambo linalokuja na matumizi ya akili bandia. Kama wakili mwenye leseni anaumbuka, wewe mwenye desa la kurithi na programu ya kukuandikia insha ujiulize mara mbili.

Pili, uliza nani analipa. Tangazo, mchango, mshahara wa chuo au kampuni inayotafuta wateja: kila mfuko una kitu unachopenda kusikia.

Tatu, anayeandika bila jina mpime kwa ushahidi anaouonyesha. Asipouonyesha, huo ni umbeya hata kama ni mtamu.

Nne, nenda ukaketi. Kisutu iko wazi, Milimani iko wazi. Muulize karani utaratibu wa simu na madaftari, kaa nyuma, andika kilichosemwa kabla ya kuandika unachokifikiri. Asubuhi moja huko itakufundisha kuhusu mashahidi kuliko mihadhara mitatu.

Maswali ya kujadili kwenye vikundi

1. Jaji Eady alisema mwanablogu hana haki ya siri ya jina. Je, mfanyakazi anayefichua uovu ofisini kwake atofautishwe na anayetoa maoni tu? Kwa kigezo gani?

2. Katika mahakama za familia, ni nani aamue mpaka kati ya faragha ya mtoto na haki ya umma kujua: jaji, Bunge au mwandishi?

3. Je, mahakama ziendelee kudhani kwamba kompyuta iko sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo? Fikiria kesi ya wakala wa pesa za simu aliyeonekana na upungufu.

4. Tanzania ina kanuni za maudhui ya mtandaoni tangu 2018. Zisome, kisha ulinganishe na mwongozo wa Desemba 2011 wa England. Mwanafunzi anayetaka kuandika kesi siku kwa siku kama Wallis atakutana na vizuizi gani hapa, na vipi huko?

5. Chagua hukumu moja iliyotolewa mwaka huu, ieleze kwa maneno 300 kwa mtu wa familia yako asiyesoma sheria. Kisha mwulize aliyekusikiliza akueleze alichoelewa. Hapo utajua kama wewe ni mwandishi au bado.